Zege, Lipu na Rangi Wakati wa Joto: Jibu kwa Msomaji Mwenye Wiki Tano Kabla ya Sherehe

Swali: "Wazazi wetu wanatimiza miaka 50 ya ndoa wiki tano zijazo, na sherehe itafanyika nyumbani kwangu. Kwa kuwa ni likizo na ni msimu wa joto, ndugu na marafiki wamejitolea kuja kunisaidia kumwaga zege la ukumbi wa nyuma wenye mita 4 kwa 6, kuziba sehemu mbili za ukuta ambazo lipu yake imebanduka, na kupaka rangi nje nzima. Hakuna fundi miongoni mwetu isipokuwa baba mdogo aliyewahi kufanya kazi ya ujenzi zamani. Mwaka jana jirani yangu alimwaga sakafu kama hiyo wakati kama huu. Ilipasuka jioni ile ile, na hadi leo inatoa vumbi kila inapofagiwa. Tuanze na lipi, na tufanye nini yasitupate yaliyompata jirani?"

Jibu: Dada, wiki tano zinakutosha, ila zinatosha kwa mpangilio mmoja tu: lipu mwanzoni kabisa, zege mwishoni mwa wiki ya kwanza, na rangi katika wiki ya mwisho. Najua kwamba watu wakija kusaidia hupenda kushika brashi kwanza, kwa kuwa rangi ni kazi nyepesi na matokeo yake yanaonekana siku hiyo hiyo. Hata hivyo, lipu mpya huhitaji takriban wiki nne kabla ya kupakwa rangi, na zege nalo hupimwa nguvu zake likiwa na umri wa siku 28, kwa hiyo kila siku unayoitumia kwa rangi mwanzoni unainyang'anya kazi ambayo haiwezi kuharakishwa kwa namna yoyote. Rangi inaweza kusubiri. Saruji haiwezi kuombwa ikimbie.

Nianze na jirani yako, maana dalili ulizozitaja zinaeleza karibu kila kitu unachopaswa kukiepuka. Wengi wetu hudhani kwamba zege huwa gumu kwa kukauka, na kwamba jua kali kwa hiyo ni msaada. Kinyume chake ndicho kweli. Saruji huwa ngumu kwa sababu inaungana na maji na kutengeneza chembe mpya zinazoshikana na mchanga na kokoto, na muungano huo huendelea kwa siku na majuma mradi tu maji yawemo ndani. Maji yakiondoka mapema, kazi hiyo husimama ilipofika, na zege lililosimama katikati hubaki dhaifu hata kama kwa macho linaonekana limekauka vizuri. Zege linalotunzwa kwa unyevu hufikia takriban theluthi mbili ya nguvu zake za siku 28 ndani ya wiki ya kwanza, na ndiyo sababu wiki hiyo moja ina thamani kuliko zote zinazofuata.

Nyufa zilizotokea jioni ile ile ni za aina inayojulikana sana kwa wanaofanya kazi kwenye joto. Zege likiwa bado bichi, maji hupanda juu taratibu na kutandaza ute mwembamba unaong'aa. Jua na upepo vikiyavuta maji hayo kwa kasi kuliko yanavyopanda, ngozi ya juu husinyaa wakati sehemu ya chini haijasinyaa, nayo kwa kuwa haina nguvu bado, hupasuka. Wahandisi huanza kuwa na wasiwasi pale maji yanapopotea kwa kiwango cha takriban kilo moja kwa kila mita ya mraba kwa saa. Kwa ukumbi wako wa mita za mraba 24, hiyo ni zaidi ya ndoo nzima ya lita 20 inayopotea angani kila saa bila mtu yeyote kuiona. Upepo mkavu una hatia hapa sawa na jua, wakati mwingine kuliko jua, na ndiyo maana siku yenye mawingu kiasi lakini yenye upepo inaweza kukuharibia kazi huku ukijiona uko salama.

Vumbi ni habari nyingine, ingawa chanzo chake ni kile kile. Sakafu inayotoa vumbi kila inapofagiwa kwa kawaida ilichanganywa na maji mengi kupita kiasi, au ilisuguliwa wakati ule ute wa maji ungali juu, au haikumwagiliwa baada ya siku ya kwanza; mara nyingi yote matatu kwa pamoja. Sina shaka kwamba kwa jirani yako kulikuwa na mtu aliyesema mchanganyiko ni mzito, ongezeni maji. Mtu huyo yupo katika kila kazi ya kujitolea, na mara nyingi ni mzee mwenye heshima zake. Kwa hiyo, kabla ya siku ya kazi, zungumza na baba mdogo kwa adabu, umwombe yeye ndiye awe msimamizi wa kipimo cha maji, na umweleze hesabu ifuatayo ili awe mlinzi wake mbele ya vijana.

Kwa ukumbi wa kutembelea na kuwekea viti, mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne unatosha. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, hivyo mfuko mmoja unakwenda na lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto; kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji ni lita 25 kwa mfuko, yaani nusu ya uzito wa saruji. Duff Abrams alionyesha mwaka 1918, nchini Marekani, kwamba nguvu za zege hushuka kadiri uwiano wa maji kwa saruji unavyopanda, na kanuni hiyo bado inatumika. Mkifikisha lita 35 kwa mfuko ili koleo liteleze vizuri, mtakuwa mmetupa theluthi moja ya nguvu au zaidi, na fedha ya saruji mliyoinunua itakuwa imeyeyuka ndani ya ndoo. Kumbuka pia kwamba mchanga ulionyeshewa au kumwagiwa maji unakuja na maji yake: ukiwa na unyevu wa asilimia 5, zile lita 70 zitakuwa zimebeba takriban lita 5 za maji, nazo lazima zitolewe katika zile 25. Mchanganyiko ukiwa mzito, dawa yake ni kuushindilia vizuri zaidi kwa ubao, kuchoma kingo kwa fimbo ya chuma na kuchanganya kwa kiasi kidogo kidogo.

Sasa tuingie katika ukubwa wa kazi yenyewe, maana hapa ndipo marafiki wengi wenye nia njema hushindwa. Ukumbi wa mita 4 kwa 6 wenye unene wa milimita 100 una ujazo wa mita za ujazo 2.4, ambazo zinahitaji takriban mifuko 16 ya saruji na zina uzito wa karibu tani sita zikiwa mbichi. Tani sita za kuchotwa kwa koleo, kuchanganywa, kusukumwa kwa toroli na kusawazishwa, na watu ambao siku nyingine hukaa ofisini au darasani, kwenye joto. Mkianza zote kwa pamoja, saa nne asubuhi nusu ya kikosi itakuwa imechoka, jua litakuwa limepanda, na zege la kwanza litakuwa limeanza kushika wakati la mwisho halijachanganywa. Hapo ndipo mtu huongeza maji, na hapo ndipo mnapata sakafu ya jirani.

Ushauri wangu ni kuugawa ukumbi katika vipande vinne vya mita 2 kwa 3, kwa mbao zilizonyooka, na kumwaga vipande viwili vinavyotazamana kwa pembe siku ya kwanza, kisha viwili vilivyobaki siku inayofuata au baada ya siku mbili. Kila kipande kinahitaji mifuko minne tu, kwa hiyo asubuhi moja ni mifuko minane, kazi ambayo watu sita au saba wasio na uzoefu wanaweza kuimaliza kabla jua halijawa kali. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Zege hupungua kidogo linapokauka, na sakafu ya unene wa milimita 100 isiyokatwa popote katika urefu wa zaidi ya mita 3 hivi hujikatia yenyewe, mahali isipotakiwa. Maungio kati ya vipande yanaiamulia mahali pa kupasukia. Kabla ya kumwaga vipande vya pili, ondoeni mbao za ndani kwa uangalifu bila kugonga kingo, kisha pakeni ubavu wa zege la kwanza mafuta machafu kidogo, au wekeni ukanda wa karatasi ngumu, ili vipande visishikane. Fanyeni vivyo hivyo pale sakafu inapokutana na ukuta wa nyumba: ukanda laini wa milimita 10 unaoziachanisha.

Watu wataniuliza kuhusu wavu wa chuma. Kwa ukumbi wa kutembea kwa miguu juu ya ardhi iliyoshindiliwa, sioni ulazima wake. Wavu hauzuii ufa, huushikilia tu usipanuke, na wavu unaokanyagwa hadi ukalala chini kabisa ya zege, kama ninavyouona mara nyingi, haufanyi hata hilo.

Matayarisho ya chini yanataka siku mbili za wiki ya kwanza. Ondoeni udongo wa juu wenye mizizi, wekeni mawe au kifusi kigumu cha unene wa milimita 100, mkishindilie hadi kisitikisike, kisha mpange mbao za pembeni kwa pimamaji na kamba. Mteremko uelekee mbali na nyumba kwa takriban milimita 15 kwa kila mita, hivyo katika upana wa mita 4 ukingo wa nje utakuwa chini kwa milimita 60, na uso wa ukumbi ubaki chini ya tabaka la kuzuia unyevu la ukuta kwa angalau milimita 150. Hili la mwisho hupuuzwa sana, kisha familia hushangaa kwa nini ukuta wa chumba cha nyuma unatota kila mvua inaponyesha.

Jioni ya kuamkia kazi, mwagieni kifusi maji hadi kinywe vya kutosha bila kuacha madimbwi, na nyunyizieni kokoto maji kisha mzifunike. Kokoto ndizo nyingi kuliko kitu kingine chochote katika zege, kwa hiyo kokoto zilizoachwa juani kutwa nzima huingia kwenye mchanganyiko zikiwa na moto wake. Saruji ikae kivulini, maji yakae kivulini. Kama turubai la sherehe linapatikana mapema, lisimamisheni juu ya eneo la kazi. Halitapata matumizi bora kuliko hayo. Anzeni kuchanganya kunapopambazuka, mkilenga kumaliza kumwaga kabla ya saa tatu. Wapo mafundi wanaopendelea jioni kwa hoja kwamba joto ambalo saruji hulitoa yenyewe halikutani na jua la mchana, na hoja hiyo ni ya kweli, lakini mtu asiye na uzoefu anayesawazisha zege gizani kwa tochi ya simu atakuwa na majuto asubuhi.

Zege likishamwagwa lisawazishwe kwa ubao mrefu unaopita juu ya mbao za pembeni, kisha liachwe. Hapa ndipo subira inapohitajika kuliko nguvu. Ule ute unaong'aa utapanda. Msiuguse, msiupake, na kamwe msinyunyizie saruji kavu ili kuunyonya, kwa maana mtakuwa mnatengeneza ganda jembamba litakalobanduka baadaye. Ukishapotea na nyayo zikaacha alama ndogo tu, pitisheni bapa la mbao, kisha fagio lenye nywele ngumu kwa mwelekeo mmoja. Uso wa mikwaruzo myepesi hauvutii kama ule uliong'arishwa kwa mwiko wa chuma, lakini siku ya sherehe, kinywaji kikimwagika, bibi na watoto hawatateleza. Kama upepo unavuma wakati mnasubiri, funikeni kwa nailoni na mfunue sehemu mnayoishughulikia tu.

Kisha inakuja ile wiki moja. Mara uso unapokuwa mgumu kiasi cha kutoachwa alama, tandazeni magunia yaliyolowana na juu yake nailoni iliyokandamizwa kingo zake kwa mbao, na yasikauke kwa siku saba mfululizo. Neno "mfululizo" lina uzito wake hapa, kwani kulowana asubuhi na kukauka mchana ni kulinyanyasa zege, si kulitunza. Kazi hii wapeni vijana waliofunga shule, kwa orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, na mtu mzima mmoja akague kila jioni kwa kuinua kona ya gunia. Msitumie maji baridi sana ya mpira juu ya zege lenye joto la saa saba mchana, kwa sababu mshtuko wa joto na baridi nao huleta nyufa. Maji yaliyokaa kwenye pipa kivulini ni mazuri zaidi. Baada ya siku moja mtu anaweza kutembea juu yake kwa uangalifu, baada ya wiki ngazi na viti si tatizo, lakini gari la kushusha viti na vyombo lisipande juu yake wiki hizi zote.

Lipu nitaipitia kwa kifupi, kwa kuwa kanuni ni zile zile. Siku mbili za mwanzo, gongeni ukuta kuzunguka sehemu zilizobanduka; panapolia kwa mwangwi wa uwazi, bomoeni hadi mfikie lipu inayoshika kweli, hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko mlivyotarajia. Safisheni vumbi, lowesheni ukuta tangu jioni iliyotangulia na tena kidogo kabla ya kazi, maana tofali kavu lenye joto hunyonya maji ya lipu kabla saruji haijayatumia. Saruji moja kwa mchanga safi uliochekechwa sehemu tano, unene wa milimita 12 hadi 15 kwa tabaka, na ikiwa tundu ni la kina zaidi, fanyeni matabaka mawili kwa siku tofauti. Lipu iliyoongezewa saruji nyingi kwa kudhani itakuwa imara zaidi hupasuka zaidi, si pungufu. Nayo imwagiliwe kwa ukungu mwepesi wa maji asubuhi na jioni, ikining'iniziwa gunia au nailoni upande wa jua. Lakini kabla ya yote hayo, jiulize kwa nini lipu ya awali ilibanduka. Ikiwa ni bomba la mvua linalovuja juu yake au udongo uliorundikwa ukutani, rekebisheni hilo kwanza, la sivyo mtairudia kazi hii mwaka kesho.

Kuhusu rangi, mtaianza takriban siku ya 29, lipu ikiwa na wiki nne kamili. Saruji mbichi ina ukali wa magadi unaozidi ule wa sabuni nyingi, na rangi ya mafuta ikipakwa juu yake mapema hugeuka utando laini unaonata kisha kubanduka. Hata rangi ya maji huweza kufifia kwa mabaka au kusukumwa na chumvi nyeupe zinazotoka ndani. Ili kujua kama ukuta umekauka, bandikeni kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 kwa utepe wa gundi pande zote nne, mkiache usiku kucha kwa saa 16 au zaidi. Mkikuta matone au doa jeusi chini yake, unyevu bado upo. Kwa sehemu za zamani, pitisheni kiganja: kikitoka cheupe, rangi ile imekuwa unga na lazima ioshwe na kupakwa praima, kwa maana rangi mpya itashika unga badala ya kushika ukuta. Kama nyumba ni ya zamani sana, chukulieni kwamba matabaka ya chini yanaweza kuwa na risasi, madini ambayo nchi kama Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978. Msipige msasa mkavu, lowesheni ukuta kwanza, watoto na wajawazito wakae mbali, na maganda yakusanywe kwenye nailoni yasisambae uwanjani.

Siku ya kupaka, fuateni kivuli kuizunguka nyumba. Ukuta unaoelekea mashariki hupakwa mchana, ule wa magharibi asubuhi, na ukuta ambao kiganja hakiwezi kukaa juu yake kwa sababu ya moto usiguswe na rola. Rangi ikikauka inapogusa ukuta haipati muda wa kujitandaza wala kushika, na mahali ambapo mwendo mmoja wa rola ulipandana na mwingine patabaki na michirizi inayoonekana kila jua linapoumulika ukuta kwa ubavu. Hapa pia mtu atataka kuongeza maji. Tabaka la kwanza juu ya lipu mpya linaweza kuongezwa maji kidogo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kopo. La pili lisiongezwe kitu. Sakafu yenu mpya iwe imefunikwa wakati wote huo, na ngazi isimame kwa uwiano wa futi moja kutoka ukutani kwa kila futi nne za kimo, ikishikwa chini na mtu ambaye simu yake iko mfukoni.

Nimeacha makusudi suala la watu hadi hapa, lakini kwangu ndilo zito kuliko yote. Saruji mbichi huunguza ngozi, na uovu wake ni kwamba haiumi papo hapo. Mtu anaweza kupiga magoti kwenye zege kwa nusu saa, suruali ikalowa, asihisi chochote, kisha jioni akakuta magoti yamechunika hadi ndani. Kila anayegusa mchanganyiko avae viatu vya mpira virefu na glavu zisizopitisha maji, na suruali ivutwe nje ya viatu ili zege lisiingie ndani. Nguo iliyolowa saruji ivuliwe mara moja, ngozi ioshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 20, na ikiwa ni jicho, lioshwe hivyo hivyo kisha aende hospitali bila kusubiri kuona litakavyokuwa. Watoto wadogo wasiwe karibu kabisa na mchanganyiko; wapewe kazi ya kupeleka maji ya kunywa, ambayo ni kazi ya maana kweli.

Maana joto nalo linaua. Mwili uliozoea kivuli huhitaji kati ya wiki moja na mbili za kuongezewa kazi kidogo kidogo ili uzoee kufanya kazi nzito juani, na wageni wako hawatakuwa na muda huo. Kwa hiyo wapangie vipindi vifupi, wabadilishane koleo na toroli, na kila mtu anywe kikombe kimoja cha maji kila dakika 15 hadi 20, awe na kiu au asiwe nayo. Pombe isubiri hadi vifaa vimeoshwa na kuwekwa ndani. Hili si suala la maadili, ni kwamba pombe hupunguza uwezo wa mwili kujihami na joto na huondoa umakini kwenye ngazi. Anayelalamika kichwa, kichefuchefu au misuli kukaza apumzishwe kivulini na anywe maji. Lakini anayeanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hata kama bado anatoka jasho, huyo ana hatari ya kufa: iteni msaada wa dharura mara moja, mlazeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji na kumpepea bila kukoma hadi msaada ufike, wala msimnyweshe chochote akiwa hana fahamu.

Kwa sababu hiyo, gawa kazi kwa kuangalia watu ulio nao, usiwagawe kwa heshima au ujana. Shemeji mwenye shinikizo la damu anaweza kuwa mpimaji mzuri sana wa ndoo akiwa ameketi kivulini. Binamu anayefika saa nne wakati wengine walianza alfajiri asipewe koleo ili alipe deni la kuchelewa. Apewe kuosha toroli na kutandaza magunia. Na jambo moja liafikiwe na wote kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa: kipande kilichoanzwa lazima kimalizwe, na kipande cha pili kisianzwe ikiwa watu wameshachoka. Kusimama kwenye ukingo wa ubao hakuna hasara yoyote, kwa kuwa pale pana maungio tayari, ila kusimama katikati ya kipande kunaacha mshono dhaifu usiofichika.

Mwisho ni mapambo, maana najua yatafuata mara tu brashi zikikauka. Rangi ya maji hukauka kwa kuguswa ndani ya saa chache, lakini huchukua wiki mbili hadi nne kukomaa kabisa, na sherehe itafanyika kabla ya hapo. Msibandike chochote ukutani kwa utepe wa gundi, kwa sababu ukibanduliwa utaondoka na rangi. Tundikeni maua na taa kwenye kamba iliyofungwa kutoka ukingo wa paa hadi kwenye nguzo za turubai, na nguzo hizo zizuiwe kwa ndoo zilizojaa mchanga, wala mtu asitoboe ukumbi kwa ajili ya vigingi.